Ziwa Ol'Bolossat na ndege wake wahamaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu hunirushia kila msimu, wengine ndani ya matatu, wengine wakiwa washafika ukingoni na washaanza kununa. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo kabisa mpaka yale ya kukuna kichwa. Kama jibu liko kwa swali lingine nimekuelekeza huko, sitaki kurudia rudia.

## Ya mwanzo kabisa

Ol'Bolossat iko wapi?

Kaunti ya Nyandarua, Kenya, hapo katikati ya Ol Kalou na Nyahururu, chini ya mteremko wa Satima upande wa magharibi wa Aberdare, ile milima ambayo wenyeji wengi wanaiita tu Nyandarua. Ikweta iko karibu sana, ziwa liko kusini yake kidogo tu. Na ndilo ziwa la asili pekee kwa ule uliokuwa Mkoa wa Kati, kwa hivyo mtu akikuambia Kati haina ziwa mwambie akuje aone. Atateta kwamba haoni maji, hiyo tunaifikia.

Liko juu kiasi gani?

Mita 2,340 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukitaka kulinganisha, Naivasha iko kama 1,880, Nakuru kama 1,750, na Ziwa Victoria 1,130 na kitu. Yani ukitoka Naivasha kuja huku umepanda karibu nusu kilomita kwenda juu, na mwili utakuambia, hasa saa kumi na mbili asubuhi ukiwa na ka-sweta kamoja. Ndio maana huku ni viazi, kabeji, karoti na maziwa, na July baridi inaweza kuchoma viazi shambani mpaka majani yawe meusi.

Mbona nimefika na sioni ziwa?

Hili ndilo swali namba moja, na huwa linaulizwa kwa hasira kidogo. Mtu ametoka Nairobi usiku, ana picha kichwani ya maji ya bluu, boti na upepo, anafika anaona uwanja mkubwa wa nyasi, ng'ombe wamezama mpaka magotini, na kwa mbali kamstari ka maji kanang'aa. Anauliza "ziwa liko wapi?" na amesimama ndani yake.

Ol'Bolossat ni ziwa lenye kina kifupi sana. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 43, lakini sehemu ndogo tu ndiyo maji ya wazi, zingine ni matete, majani yanayoelea, vinamasi, na nyasi ambazo mvua ikinyesha zinafunikwa na kiangazi zinatokea tena. Huo mpaka wa kupanda na kushuka ndio ndege wanaufuata. Ndege wengi wa kutoka mbali hawana haja na maji ya kina, watafanya nayo nini? Kitwitwi ana miguu ya sentimita chache na mdomo wa kuchokora matope, anataka maji yasiyomfika tumboni. Bata wengine wanachuja mbegu na vidudu hapo hapo juu ya maji. Korongo wanatembea nyasini wakiokota panzi. Ukiniuliza mimi, ziwa hasa ni ile sehemu yenye watu huidharau wakiiita "shamba lenye maji". Shika hapo, manake maswali mengi ya huko chini yanarudi hapa.

Maji yanatoka wapi na yanaenda wapi?

Yanatoka kwa chemchemi zilizo chini ya mteremko wa Satima, na vijito, na mvua. Yanatoka nje ya ziwa upande wa kaskazini na kuwa mto Ewaso Narok, unapita Nyahururu, unaanguka mita 74 pale Thomson's Falls (Joseph Thomson alipita 1883, na mji wenyewe uliitwa hivyo zamani), halafu unashuka Laikipia kuungana na Ewaso Nyiro, unapita Samburu mpaka unaishia kwa kinamasi cha Lorian. Kwa hivyo ndovu anayekunywa maji Samburu kuna tone amelipata kutoka huku kwetu. Watalii wanapiga selfi kwa maporomoko na hawajui juu yake kidogo tu kuna ziwa, hii huniuma kila siku.

Huwa linakauka?

Hupungua sana wakati wa ukame, tena sana. Halafu mvua ikirudi linajaa mpaka kwa mashamba ya watu na kelele zinaanza. Kupanda na kushuka ni kawaida yake tangu zamani. Shida inakuja watu wakilifanya lishuke zaidi: pampu za kunyunyizia, miti kukatwa juu kwa mteremko, udongo kuteremka na kujaza kina, mifugo wengi kupita kiasi kwa nyasi zile zile.

## Wahamaji

Wanakuja lini na wanaondoka lini?

Wa kwanza unaanza kuwaona August mwisho mwisho, September na October ndio wanamiminika, wanakaa kipindi chote cha December na January, halafu March mpaka April wanaondoka. Ukikuja June utapata wenyeji tu, na wachache waliobaki, mara nyingi wale wachanga ambao bado hawajafikisha umri wa kutaga.

Wanatoka wapi?

Ulaya mashariki na kaskazini, Urusi, Siberia, Asia ya kati. Wengi wanashuka kupitia Mashariki ya Kati au kufuata Nile, na wengine wanakata Sahara moja kwa moja. Mbayuwayu ana gramu 20 hivi, uzito wa vijiko vichache vya sukari, na anafanya safari hiyo kila mwaka kwenda na kurudi. Korongo mweupe yeye ni mzito, hapendi kupiga mabawa bure, anapanda na hewa ya moto kama tiara halafu anateleza, na kwa sababu hewa ya moto haipandi juu ya bahari analazimika kuzunguka nchi kavu, ndiyo maana makundi makubwa makubwa yanapita Bosphorus kule Uturuki na Sinai kule Misri.

Kwa nini wasikae tu huku, ama wasikae huko kwao?

Kwao ni wapi sasa? Mtu anasema "ndege wa Ulaya wametembelea Kenya", lakini kuna ndege anakaa miezi saba Afrika na mitatu kwa kiota huko juu, inayobaki yuko njiani. Mimi namhesabu wa kwetu anayeenda kujifungulia mbali.

Sababu ni chakula. Huko kaskazini kiangazi mchana ni mrefu kupita kiasi, wadudu ni wa kumwaga, nafasi ya kiota ipo, unaweza kulisha vifaranga masaa kumi na nane kwa siku. Ikifika baridi maji yanaganda, matope yanakuwa mawe, wadudu wanaisha. Anayechokora matope hawezi kuchokora barafu. Kwa hivyo wanafuata matope laini, na matope laini tunayo.

Nitaona wepi?

Bata: yule mwenye mdomo mpana kama kijiko, yule mwenye mkia mrefu uliochongoka, na yule mdogo mwenye mstari mweupe juu ya jicho, ambaye karibu wote wa kwao hushuka Afrika au Asia ya kusini msimu wa baridi. Vitwitwi wa kila saizi, wengine wanatikisa mkia bila kupumzika kama wamekunywa kahawa. Viluwiluji wa manjano wanaotembea kati ya miguu ya ng'ombe wakidaka nzi, hao hata mtoto atakuonyesha. Vipanga wa vinamasi wanaoelea chini chini juu ya matete. Mbayuwayu kwa nyaya za stima. Korongo weupe mwaka wakiwa wengi.

Pamoja nao kuna wenyeji wa mwaka mzima: koikoi, yangeyange, mnandi, bata bukini wa Misri, kwazi, korongo taji. Na kwa nyasi za juu, zile za mafungu mafungu, kuna ndege mdogo wa kahawia na manjano, *Macronyx sharpei*, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa nyanda za juu za Kenya. Yeye hahami kabisa. Nyasi zikilimwa ameisha, hana Siberia ya kukimbilia.

Na flamingo?

Usikuje kwa ajili ya flamingo, utanilaumu. Flamingo (heroe kwa Kiswahili cha vitabu) wanapenda maji ya magadi yenye mwani wa kijani-bluu, wako Bogoria, Elementaita, Nakuru. Maji yetu si ya chumvi, hayana magadi wala mwani huo wa kuwashibisha. Hapo mtu huwa anasikitika, halafu anaona korongo taji mia moja wakitua jioni na anasahau flamingo.

Hewa ya huku juu si nyepesi? Hawachoki?

Mita 2,340 kwa ndege si kitu. Mapafu yake hayako kama yetu, hewa inapita upande mmoja kupitia vifuko, anavuta oksijeni akiingiza na akitoa. Kuna bata bukini wa Asia anayevuka Himalaya, amepimwa na vifaa akiwa zaidi ya mita 7,000. Na tai wa huku Afrika, yule tai mla mizoga anayeitwa wa Rüppell, mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973 karibu mita 11,300. Tena wahamaji wengi wanapaa juu zaidi ya Ol'Bolossat wakiwa safarini, kwao kutua huku ni kushuka.

Kinachowasumbua ni baridi ya usiku. Mdogo anachoma mafuta mengi kulala tu, kwa hivyo asubuhi lazima ale mapema na ale sana. Ukimtimua timua saa hiyo kwa sababu ya picha unamgharimu zaidi ya unavyofikiri.

Wanajuaje njia?

Jua, nyota, usumaku wa dunia, na kwa wengine kumbukumbu ya mito na milima. Korongo wachanga wanafuata wakubwa. Lakini kuna wadogo wanaosafiri usiku, peke yao, mara ya kwanza maishani, bila mzazi, na wanafika. Hiyo imewekwa ndani yao.

Wanataga huku?

Wahamaji wa kaskazini hapana, huku ni kula, kubadilisha manyoya na kunenepa. March ukiwaona wamevimba usidhani wana mayai. Ni mafuta ya safari, na wengine wadogo wanakaribia kuongeza uzito mara mbili kabla ya kuondoka.

## Korongo taji

Huyu naye ni mhamaji?

Hapana. Anazunguka zunguka akifuata mvua na chakula lakini hahami bara. Nimempa sehemu yake kwa sababu nusu ya wageni wanakuja kwa ajili yake. Ndiye yuko kwa bendera ya Uganda. Korongo taji ndio pekee wa jamii yao (wale Wazungu huwaita crane, korongo mweupe si wa jamii hii) wanaoweza kulala juu ya mti, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu cha kushika tawi. Kiota anajenga chini, ndani ya matete yenye maji, mayai mawili au matatu, na anayaatamia kama mwezi mmoja.

Hapo ndipo shida ilipo. Matete yakikatwa mapema au kuchomwa, kiota kimeenda. Maji yakishuka haraka, mbwa na watoto wanafika kwa kiota wakitembea. Tangu 2012 amewekwa kundi la walio hatarini duniani.

Jirani amefuga mmoja, ni sawa?

Si sawa, na Kenya ni kosa kisheria, sheria ya wanyamapori ya 2013 iko wazi. Najua kwa vijiji ni kitu cha mapambo, ati boma lenye korongo lina baraka. Lakini hawa wanaishi wawili wawili, ukimchukua kifaranga amekua na kuku hajui kutafuta mwenzi, amekufa kabla hajafa. Rwanda walikuwa na tatizo hili hili mahotelini na kwa bustani za watu, wakawasajili na kuwakusanya zaidi ya 200, wanaoweza kuruka wakarudishwa porini, na waliovunjwa mabawa wamejengewa kijiji chao pale Kigali, Umusambi. Mtu anaweza kubadilika bila kupigwa.

Wanakula mahindi yangu yakichipuka, nifanye nini?

Kweli wanachimbua, sitakudanganya. Lakini usitie sumu, tafadhali, ile sumu haichagui, inaua korongo, bata, mbwa wako, na kama mtoto ameokota ndege akampeleka nyumbani sijui tutasema nini. Wiki mbili za kuchipua weka mtu shambani, au mtoto mwenye debe, baada ya hapo mche umeshika mizizi na hawana shida nao. Na miezi mingine yote wanakula panzi na viwavi bure, hiyo hakuna mtu huihesabu.

## Kuja kuangalia

Nafikaje?

Kutoka Nairobi shika matatu ya Nyahururu inayopitia Naivasha, Gilgil na Ol Kalou, masaa matatu mpaka manne. Ukishapita Ol Kalou angalia mkono wa kulia. Kutoka barabarani mpaka ukingoni ni boda, na mwambie akungojee, usimwache aende.

Kuna geti? Naulipia?

Si hifadhi ya taifa, hakuna geti. Lakini unapita kando ya mashamba ya watu, kwa hivyo bisha hodi, salimia wazee, na uchukue kijana wa hapo akutembeze na umlipe vizuri. Anajua matope gani yanabeba mtu na gani yanameza, na anajua viboko wako wapi.

Viboko?!

Eeh, wapo. Ndani ya hilo "shamba lenye maji". Mchana wako majini, jioni wanatoka kulisha nyasi, na hawapendi kukutana na mtu kati yao na maji. Saa kumi na mbili jioni uwe umeshaondoka. Usipite ndani ya matete marefu hata ukiona ndege wa ndoto zako.

Nibebe nini na nikuje saa ngapi?

Gambuti, jaketi nzito, darubini hata ya bei rahisi. Asubuhi kutoka saa kumi na mbili na nusu mpaka saa nne, ukungu ukipanda ndio mandhari yanafunguka. Mchana upepo unaanza na ndege wanajificha. Simu weka programu ya Merlin, ni ya bure, inakusaidia kutambua, ila sauti iliyorekodiwa usiwachezee ndege ili wakaribie. Hilo swali la asubuhi na baridi nimeshalieleza kule kwa hewa ya juu.

## Ya pembeni na ya kukuna kichwa

Ol'Bolossat iko kwa orodha ya Ramsar?

Ramsar ni mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, na Ol'Bolossat haiko. Za Kenya ni sita: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo, Elementaita na delta ya Tana. Ol'Bolossat imetambuliwa kama eneo muhimu kwa ndege tangu 2008, na 2018 serikali ikaitangaza rasmi kuwa ardhi oevu inayolindwa. Kwa hivyo ulinzi upo kwa karatasi. Kwa ukingo inategemea nani analima wapi.

Kwani kulima ukingoni kuna ubaya gani, si maji yameshuka yenyewe?

Rudi kwa lile swali la "sioni ziwa". Ile sehemu iliyokauka leo ndiyo matope ya October. Ukiilima umeondoa meza kabla mgeni hajafika, na mvua ikirudi viazi vyako vinaoza, halafu unasema ziwa limevamia shamba. Nimeona mtu yuleyule akilia mafuriko miaka miwili tofauti kwa kipande kilekile. Nyasi za malisho ni tofauti kidogo: ng'ombe wachache wanasaidia, wanafupisha nyasi na viluwiluji wanafuata. Wakizidi wanakanyaga mpaka panabaki sakafu.

Mbona mwaka huu wamekuja wachache?

Usikimbilie kusema wameisha. Kama mvua imenyesha vizuri Sudan na Ethiopia wengine watakawia huko. Kama ziwa limejaa sana, matope yako chini ya maji na vitwitwi wameenda kwingine, utakuta bata wengi badala yake. Au huko kaskazini kiangazi kilikuwa kibaya na vifaranga walikuwa wachache. Mwaka mmoja hauwezi kukuambia, ndio maana kuna kuhesabu kila mwaka, soma swali la mwisho.

Naishi nje, hawa ndege ni wale wale ninaowaona?

Ukiwa Ulaya, inawezekana kabisa, mbayuwayu wa kwa zizi huko Poland na wa kwa waya za stima Ol Kalou ni aina moja na njia moja. Ukiwa Oman wengi wanapumzika kwenu, ile pwani ya Barr al Hikman inabeba vitwitwi wa kutisha kwa wingi, na wengine wanabaki hapo hapo msimu mzima. Ukiwa Marekani, hapana, wengi wa huko wanashukia Mexico, Karibi, Amerika ya Kati na ya Kusini.

Nimeokota ndege mwenye pete mguuni, ni jini? Ni jasusi?

Wala. Ni namba ya utafiti. Kenya wenyewe wanafunga pete pale Ngulia, Tsavo West, tangu 1969, usiku wa ukungu ndege wanavutwa na taa, na wameshavishwa pete mamia ya maelfu. Akiwa hai soma namba, piga picha, mwachilie. Akiwa amekufa piga picha ya pete na upeleke taarifa Makumbusho ya Taifa Nairobi, idara ya ndege. Usimvue pete aliye hai hata kama inang'aa.

Na nikikuta wengi wamekufa pamoja?

Usiguse, usibebe nyumbani kupika, zuia mbwa na kuku wako. Inaweza kuwa sumu, inaweza kuwa homa ya ndege. Mwambie afisa wa mifugo au KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) siku hiyo hiyo, na picha ziwe na eneo.

Naweza kujiunga kuhesabu hata kama sijui majina?

Ndiyo. Hesabu ya ndege wa majini hufanywa January, wahamaji wakiwa wametulia, na shirika la uhifadhi la Nature Kenya na Makumbusho huitisha watu wa kujitolea. Mara ya kwanza utapewa daftari uandike wakati mwingine anataja, ama utahesabu aina moja tu. Mimi mwaka wa kwanza nilipewa yangeyange, nikadhani ni kazi rahisi manake ni weupe na wanaonekana mbali, nikafika mia mbili na kumi wakaruka wote kwa pamoja na kutua nyuma yangu.